Sahihi Tatu za Fundi

Barua ilikuwa imeshachapwa kabla hata hajaitwa. Meneja aliitoa kwenye droo, akaigeuza kwa ncha ya kidole ili maandishi yamwelekee dereva, kisha akaweka kalamu juu yake.

"Soma, halafu saini hapo chini. Hatutaki maneno mengi."

Dereva aliisoma amesimama, kwa kuwa kiti cha wageni kilikuwa kimerundikwa mafaili na hakuna aliyejisumbua kuyaondoa. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa bado kimevimba pale usukani ulipompiga jana yake. Barua ilisema kwamba yeye, dereva wa gari namba mbili la shule, anakiri kuwa siku ya Ijumaa aliendesha kwa uzembe, akapuuza dalili za injini mpaka ikanoki katikati ya mlima, na mtoto mmoja akavunjika mkono. Ilisema gari lilikuwa limehudumiwa ipasavyo. Mwisho ilisema anaacha kazi kwa hiari yake, na kwamba nakala itapelekwa kwa wanaotoa leseni.

Hilo neno "hiari" ndilo lililompandisha damu kichwani. Miaka tisa alikuwa amebeba watoto wa watu. Watoto wenyewe walimpa jina la Mama Taratibu, kwa jinsi alivyopita kwenye matuta ya barabarani kana kwamba kuna mtu amelala chini yake. Madereva wenzake wawili, wanaume, walimcheka kwa hilo, na bado yeye ndiye aliyepewa njia ya mlimani yenye malori ya mawe, maana wao waliiogopa. Akisaini karatasi hii, hakuna atakayempa tena gari la abiria. Hata la kubeba kuku hatapewa.

"Gari halikuhudumiwa," alisema.

Meneja alitabasamu. Wafanyakazi walimwita Kalkuleta, kisogoni kwake, kwa kuwa hakuna jambo aliloweza kulisema bila kutoa simu na kubonyeza tarakimu. Safari hii hakutoa simu. Alitoa kadi ya sevisi ya gari, akailaza kando ya barua. Mistari mitatu ya mwisho ilikuwa imejazwa vizuri kabisa: tarehe, kilometa, oili imemwagwa, filta imebadilishwa. Na mwisho wa kila mstari, sahihi.

Sahihi hiyo aliijua. Ilikuwa kwenye cheti chake cha ndoa.

"Fundi wetu kasaini," Kalkuleta alisema. "Mumeo. Au na yeye ana chuki na wewe?"

"Sisaini."

"Kamati ya wazazi inakaa Jumatatu saa nane. Una siku mbili za kufikiri. Na ukifikiri, ingiza na hesabu hii: mtoto wenu anasoma hapa bure kwa sababu ninyi ni wafanyakazi. Akibaki mmoja wenu, ataendelea kusoma. Mkitoka wote wawili..." Sasa simu ilitoka. Akabonyeza, akamsogezea kioo karibu na pua aone ada ya mwaka mzima. "Sikutishi, mama. Nakusaidia tu kupiga hesabu."

Dereva alitoka bila kuaga. Mlangoni katibu muhtasi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

*

Gari namba mbili lilikuwa limevutwa hadi nyuma ya jiko la shule. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa bado chini ya kiti cha mbele, na chupa ya maji ilikuwa imejibana kwenye mlango. Dereva aliitoa chupa, akakaa kwenye ngazi ya gari akiwa ameishika.

Ijumaa alikuwa na watoto kumi na wanne. Walipofika katikati ya mlima injini iligonga mara nne au tano, kama mtu aliyefungiwa ndani anapiga debe, kisha ikakata. Breki zikawa ngumu, usukani ukagoma, na gari likaanza kurudi kinyumenyume huku lori la mawe likipiga honi nyuma. Alivuta breki ya mkono, akakata usukani kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Msichana mmoja wa darasa la pili aliangukia mkono. Binti yake mwenyewe, Kidoti, alikuwa kiti cha tatu nyuma yake.

Hakuna taa iliyowaka. Hapo ndipo roho yake ilipomuuma zaidi. Miezi miwili nyuma taa nyekundu ya oili ilikuwa ikipepesa kila aliposimama kushusha mtoto, naye akaiandika kwenye daftari la kasoro siku nne mfululizo. Siku ya tano taa haikupepesa tena. Haikuwaka hata alipofungua ufunguo, wakati kila dereva anajua kwamba ukifungua ufunguo lazima iwake kwanza. Alimuuliza mumewe wakiwa mezani. Mumewe akasema swichi ya taa imekufa, ameichomoa, spea inakuja. Angekuwa fundi mwingine angembana. Huyu alimpakulia chakula, akamsogezea maji ya kunawa.

Na oili alikuwa akiiangalia kila siku. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Kila Jumatatu ilikuwa imeshuka, na kila Jumatatu Kalkuleta aliruhusu nusu lita, naye Mama Taratibu akaimimina kwa mkono wake huku akijiona dereva makini. Lakini kijiti kinakuonyesha oili ni kiasi gani. Hakikwambii ina umri gani. Ilikuwa nyeusi tii, nzito kama uji uliolala, na yeye alijiambia kwamba alimradi imefika kwenye alama, mambo ni sawa. Kwa hilo alijikasirikia pia.

Alichukua gunia jikoni, akalitandika, akaingia uvunguni.

Mumewe alikuwa fundi wa kweli, hilo hata leo hangemnyima. Alikuwa na mtindo wake tangu ujana: kila filta aliyoifunga aliikwaruza kwa ncha ya msumari, tarehe na kilometa. Kalamu oili huifuta, alizoea kusema, msumari haufutiki. Dereva alipangusa tope na utando mweusi kwa pindo la kanga, akamulika kwa simu. Namba saba ilikuwa na mstari katikati, kama mumewe alivyoiandika siku zote. Miezi kumi na tisa iliyopita. Kilometa elfu thelathini na nne nyuma.

Alihesabu tena, akidhani hasira imemharibia hesabu. Haikuwa imemharibia. Filta ile ile, miezi kumi na tisa, na kwenye kadi sahihi tatu juu yake. Kwenye karatasi mumewe alikuwa amedanganya mara tatu. Kwenye chuma hakuwa ameandika uongo.

*

Nyumbani alimkuta mumewe mezani akiunganisha waya wa pasi. Mama mkwe alikuwa mkekani anashona vifungo vya sare ya Kidoti, na Kidoti mwenyewe alikuwa uani.

"Nimeiona filta," alisema.

Fundi hakuuliza filta gani. Aliweka bisibisi chini.

"Miezi kumi na tisa," mkewe akaendelea. "Na wewe umesaini mara tatu kwamba umeibadilisha."

"Kaa kwanza."

"Leo nimesimama ofisini, na hapa nitasimama. Sema."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa michafu. "Zamani tulikuwa tunamwaga oili kila kilometa elfu tano na filta inatoka palepale. Alipokuja huyu meneja akasema kitabu cha gari kinasema elfu kumi. Nikamwambia sisi barabara yetu ni vumbi, tunasimama kila nyumba, tunapanda mlima tumejaza. Akaniuliza nimesoma chuo gani."

"Kitabu hicho kiko kwenye droo ya gari. Hakukisoma mpaka chini?"

"Alisoma mstari uliomfaa. Hata hiyo elfu kumi ilipofika akasema tusimwage. Akatoa simu. Gari linakunywa nusu lita kwa wiki, wiki kumi ni lita tano, injini nzima inabeba lita tano. Kwa hiyo kila baada ya wiki kumi oili yote mle ndani ni mpya. Akanionyesha jibu kwenye kioo. Akasema kuongezea ndiyo kubadilisha kwenyewe."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ukiongeza maji safi kwenye beseni la kufulia, bado huyanywi."

"Halafu ukasaini."

"Halafu nikasaini. Alisema wakaguzi wa bima wanataka kadi."

Mama mkwe aliacha kushona. Sindano ilibaki imechomwa nusu kwenye kitambaa.

"Na taa?" dereva aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mumewe aliijua hiyo hatari yake. "Swichi ilikuwa imekufa kweli?"

Fundi aliichukua tena bisibisi, akaigeuzageuza.

"Nakuuliza, baba Kidoti. Swichi ilikuwa imekufa?"

"Ilikuwa nzima. Alisema wazazi wanaiona taa nyekundu, wanaulizauliza. Nikachomoa waya."

"Unajua nani alikuwa amekaa nyuma yangu? Unajua mwanao anakaa kiti gani?"

"Najua! Unadhani sijui?" Fundi alisimama, kiti kikaanguka. "Ningefanya nini? Ningemkatalia angeleta fundi mwingine siku hiyohiyo, na mtoto angeenda wapi? Nilikuwa nasubiri likizo nilifanye gari mwenyewe, kimyakimya. Likizo ilibaki wiki tatu tu."

"Injini haikuwa na habari ya likizo yako."

Fundi alikiinua kiti, akakaa, na alipozungumza tena alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kukubaliana na nafsi yake. "Sikiliza. Saini. Ukitoka wewe, mimi nabaki, mtoto anasoma. Nikifungua mdomo tunatoka sote, na mimi naweza kufunguliwa kesi. Wewe kazi utapata kwingine."

"Kwa barua ile? Nani atampa gari mwanamke aliyeandikiwa kwamba aliponza watoto?"

"Tutaona."

"Tutaona, wewe na nani? Wewe utakuwa kazini." Alijifunga kanga upya kiunoni. "Jumatatu utasimama useme. Usiposema, nitawapeleka wale wazazi uvunguni wakasome msumari wako kwa macho yao."

Fundi alimwangalia. "Habari ya filta umemwambia nani?"

"Nimekwambia wewe."

Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa bado anafikiri anaongea na mumewe.

*

Jumapili Fundi aliaga mapema, akasema anakwenda kumjulia hali rafiki yake aliyelazwa. Alirudi saa saba mchana, amenawa mpaka kwenye viwiko, kucha zimesuguliwa. Alimsalimu mama yake kwa adabu zaidi ya kawaida.

"Marahaba," bibi alijibu, akavuta pumzi kwa pua. "Hospitali gani hiyo, mwanangu, mtu akienda kumtazama mgonjwa anarudi ananuka petroli?"

"Nilipita gereji mara moja, mama."

"Jumapili?"

"Mama, nimechoka."

"Sijakuuliza kama umechoka." Bibi aliuma uzi, akaukata. Hakuendelea mbele ya mjukuu. Lakini Fundi alipoingia chumbani alisema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba wahenga hawakuwa wapumbavu waliposema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba yeye nguo hiyo aliishona mwenyewe, kwa hiyo leo hana la kumwambia mke wa mtu.

Jikoni dereva alikuwa ameshika mwiko. Alisikia, na hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Kidoti aliingia akasimama karibu naye, akauliza kama ni kweli wanavyosema watoto wa jirani, kwamba mama alitaka kuwaua.

"Wewe ulikuwepo," mama yake alimjibu. "Uliona nini?"

"Niliona umevuta ile breki mpaka ukalia."

"Basi waambie hivyo."

*

Jumatatu saa nane chumba cha walimu kilijaa. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la vyombo, alikaa katikati na Kalkuleta kulia kwake. Mama wa yule msichana aliyevunjika mkono alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani, macho mekundu. Fundi alisimama ukutani pamoja na madereva wengine wawili. Mama Taratibu alipewa kiti kimoja, peke yake, katikati ya chumba kama mwizi wa mitihani.

Kalkuleta alisoma barua, akapitisha kadi mkono kwa mkono. Kila mzazi aliyeziona zile sahihi alimtazama dereva kwa huruma kidogo na chuki nyingi.

Dereva aliomba asome kitabu cha gari. Alikuwa nacho, kilichokunjikakunjika, kilichopakaa mafuta pembeni. Alisoma polepole: oili ya injini na filta yake vibadilishwe kila kilometa elfu kumi. Kisha akashusha kidole kwenye mstari uliofuata, wa maandishi madogo. Gari likitumika kwenye vumbi, kwenye milima, kwa safari fupi za kusimamasimama, au likibeba mzigo mzito, vibadilishwe kila elfu tano.

"Vumbi tunalo," alisema. "Mlima tunao. Tunasimama mara ishirini na nane kwa siku. Na mzigo ni watoto wenu. Mwaka mzima na nusu oili haijamwagwa, filta haijatolewa. Oili ikizeeka inageuka tope, na tope halipandi kwenye injini. Ndicho kilichotokea Ijumaa."

"Kadi inasema vilibadilishwa," mwenyekiti alisema, bila ubaya, kama anayemkumbusha mteja bei. "Mara ya mwisho miezi miwili iliyopita."

"Kadi inasema. Filta nayo inasema. Twendeni mkaisome."

Alitarajia Kalkuleta akatae. Kalkuleta aliinuka wa kwanza, akafungua mlango, akawapisha wakubwa watangulie. Dereva alimgeukia mumewe, na mumewe akaangalia sakafu. Petroli ya jana ikamrudia puani, na maneno ya mama mkwe yote yakaeleweka kwa mara moja.

Gari lilikuwa limepandishwa juu ya mawe ili watu waone vizuri. Waliinama mmoja baada ya mwingine. Filta ilikuwa mpya, nyeupe, inang'aa, imepakazwa vumbi kidogo kwa kidole ili isionekane ngeni. Hakuna tarehe wala alama ya msumari. Kitu ambacho kwa miezi kumi na tisa shule haikuwa na uwezo wa kukinunua kilikuwa kimepatikana siku moja, tena Jumapili.

"Mama," mwenyekiti alisema, akijikung'uta magoti, "hii si filta ya mwaka na nusu."

"Amedanganya watu mpaka mwisho," Kalkuleta alisema kwa masikitiko. "Mnaona wenyewe. Turudi ndani tumalize."

Mmoja wa madereva alicheka, akajifanya anakohoa. Mama Taratibu alisimama pale na kitabu chake mkononi. Hakuwahi kukasirika namna ile maishani mwake. Haikuwa hasira ya kupiga kelele. Ilimtuliza, ikamsafisha macho. Miaka kumi na miwili alikuwa amelala kitanda kimoja na fundi, akimsikia akieleza kazi yake kila jioni kama wenzake wanavyoeleza mpira.

"Filta hii inafanya kazi tangu lini?" aliuliza.

"Umeambiwa. Miezi miwili," Kalkuleta alijibu.

"Miezi miwili imepitisha oili, asubuhi na jioni, mpaka Ijumaa. Basi imejaa oili nyeusi. Filta iliyofanya kazi ukiipindua inamwaga kikombe kizima. Lakini ukiifunga kwenye injini iliyokufa, hakuna cha kuijaza. Mwambieni Fundi aifungue, aipindue hapa kwenye saruji."

Kalkuleta alitazama saa. "Hatuna muda wa maigizo. Watoto wanatoka saa tisa."

"Fungua," alisema mama wa msichana. Hakuwa amesema neno tangu kikao kianze. Alikuwa amekuja mbele, mkoba umebanwa kwapani. "Wewe Fundi. Mwanangu ana chuma kwenye mkono. Fungua hicho kitu."

Fundi aliinama. Mikono yake, iliyoweza kufungua filta gizani huku anaongea, ilikosa pa kushika mara mbili. Ilipotoka alisimama nayo ameibana kifuani, na ikabidi mwenyekiti amwambie tena. Akaipindua.

Walisubiri. Watu wazima kumi na mmoja waliinamia saruji kavu kama wanaosubiri kifaranga atoke. Halikudondoka hata tone. Mama wa msichana aliichukua mkononi mwake, akaingiza kidole tunduni, akakitoa na kukiinua juu. Kilikuwa safi.

"Fundi!" Kalkuleta alipaza sauti, na mshangao wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba wengine waliuamini. "Umefanya nini?"

Ndipo Fundi alipofungua mdomo, sasa ambapo haukuwa na faida kwa mtu. Alisema yote: hesabu ya nusu lita, waya wa taa, filta aliyokabidhiwa jana getini ikiwa ndani ya mfuko mweusi. Alisema huku anamnyooshea Kalkuleta kidole.

"Una karatasi yoyote niliyokuandikia?" Kalkuleta aliuliza kwa upole. "Ujumbe wa simu? Shahidi?"

"Uliniambia kwa mdomo. Kila kitu ulikuwa unaniambia kwa mdomo."

"Na hizi sahihi ni za nani?"

"Zangu."

Mwenyekiti alishusha pumzi. Alikuwa mtu aliyezoea kukuta chombo kimevunjika dukani na kumtafuta aliyesimama karibu. Alisema jambo limekuwa wazi, dereva hana kosa, kamati inamwomba radhi, na Fundi aondoke leo hii kabla halijafika polisi. Kalkuleta aliitoa barua kwenye faili, akaipitia kwa macho.

"Hatuna haja ya kuchapa upya yote," alisema. "Tutabadilisha jina tu na kazi yake."

Hakuna aliyeona ajabu. Mama Taratibu alimtazama kila mzazi usoni, mmoja mmoja, atafute mwenye swali. Nusu lita aliruhusu nani? Filta ya Jumapili ilinunuliwa na nani? Walikuwa wameshaanza kutazama saa zao. Wamempata mtu wao, na mtu huyo alikuwa na mafuta kwenye nguo.

Kengele ya saa tisa ililia. Watoto walitoka madarasani wakikimbia, wakapanga mistari mbele ya gari namba moja na namba tatu. Kalkuleta alitoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea dereva mbele ya watu wote.

"Namba tatu utachukua wewe, mama, na watoto wa mlimani wapande humo. Dereva wake wa kawaida atakusaidia na mizigo. Yaliyopita tuyasahau. Tugange yajayo."

Mama Taratibu hakuupokea. Alipita kando yake, akaenda akasimama kwenye mlango wa namba tatu, mgongo umeuziba. Kidoti alikuwa wa tatu kwenye mstari. Mama yake alimshika bega, akamtoa, kisha akawaashiria wengine warudi nyuma.

"Unafanya nini?" Kalkuleta aliuliza. "Gari hilo ni zima. Kadi yake ninayo hapa, limehudumiwa mwezi uliopita."

"Kadi hiyo kasaini nani?"

Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshafika kwenye gari lake binafsi, alirudi hatua mbili.

"Kasaini mume wangu," Mama Taratibu alisema. Alilisema kwa sauti ya kufika getini, alikokuwa amesimama Fundi na sanduku lake la spana. "Namba moja kasaini yeye, na hili kasaini yeye. Mimi simpandishi mtoto wa mtu kwenye gari ambalo mume wangu kasema ni zima."

Fundi aliweka sanduku chini. Dereva wa namba moja, yule aliyecheka, alizima injini, akashuka na ufunguo wake mkononi.

Siku hiyo watoto walikwenda nyumbani kwa miguu, na wazazi wao wakiwabebea mikoba. Mama Taratibu alitangulia na wale wa mlimani, akiwa amemshika Kidoti mkono mmoja na mtoto wa jirani mkono wa pili. Alipita karibu na mumewe pale getini, akamwambia asubiri watu wapite kwanza, ndipo naye atoke.